Mbele ya kumpeleka mzazi mu nyumba ya wazee: mambo ya kuangalia wewe mwenyewe

Kuko swali moja ambalo linarudia sana ku redio yetu, zaidi wakati wa kiangazi, wakati barabara inapitika na watoto wanatoka mijini kuja kuona wazazi. Mtoto anafika Mitwaba, anakuta mama yake amebaki peke yake, macho hayaoni tena vizuri, miguu imevimba, shamba limelala. Yeye mwenyewe anafanya kazi Lubumbashi ao Kolwezi. Basi anauliza: "Naweza kumupeleka ku masista, mu ile nyumba ya bazee? Na nitajua namna gani kama banamuchunga muzuri?"

Swali la pili ndilo gumu, na ndilo tunajaribu kujibu hapa.

Nyumba ya wazee, ile wengine wanaita ospisi, ni mahali ambapo wazee wanakaa usiku na mchana, wanalishwa, wanaoshwa na kuchungwa na watu ambao si wa jamaa yao. Si hospitali. Jambo hilo linapashwa kueleweka toka mwanzo, kwa sababu watu wengi wanafikiri munganga yuko pale kila siku. Mara nyingi kuko infirmié mmoja tu, ao anapita mara moja kwa juma, na mzee akizidiwa anapelekwa ku hospitali sawa mtu mwingine yeyote. Ulizeni nani analipa siku ile. Kama hamkuulizana mbele, jibu litakuwa: jamaa.

Hapa kwetu mzee alikuwa anazeekea mu lupango ya mtoto wake, basi. Mtu aliyempeleka baba yake kwa wageni, watu walimcheka. Lakini vita ilivunja hiyo mipango. Tangu miaka ile ya Mai-Mai, mbele Gédéon Kyungu ajitoe kwa MONUC hapa Mitwaba mu Mei 2006, na tena kisha kutoroka kwake ku gereza ya Kasapa mu 2011, vijiji vingi vilikimbia, vikarudi, vikakimbia tena. Watoto walibaki kule walikofika. Upande wa miji nako, mwaka wa 2003 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mara moja, mu ule mpango wa kujitoa kwa hiari. Wale waliokuwa na miaka 50 wakati ule sasa wamepita 70, na wengi hawana pansion ya maana. Kwa hiyo leo si haya tena kuuliza juu ya nyumba ya wazee. Haya ni kumwacha mzazi pale bila kuuliza kitu.

Nani anashika hizo nyumba

Mu nchi yetu, nyumba nyingi za wazee ziko mikononi mwa Kanisa, zaidi masista. Zingine ni za Leta chini ya Affaires sociales, na zingine zilifunguliwa na watu wenye moyo mzuri ambao walianza mu lupango yao. Si kwetu tu. Ule mtindo wa masista una historia: mwaka wa 1839, kule Saint-Servan mu Ufaransa, mwanamke mmoja maskini jina lake Jeanne Jugan alimbeba mama mzee kipofu aliyepooza, akamlaza mu kitanda chake yeye mwenyewe. Ndipo likazaliwa shirika la Petites Sœurs des Pauvres, na Papa alimtangaza Jeanne mtakatifu mu 2009. Hao masista ndio wanaoshika Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi. Wanaishi kwa kuomba: wanapita ku masoko na ku makampuni, wanaomba mchele, sabuni, mafuta. Hapo kuko funzo kwa sisi wenye kupima: nyumba inayoishi kwa sadaka inaweza kuwa na chakula kingi mu Desemba na kupungukiwa mu Februari. Usiiangalie wakati wa Noeli.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Kule serikali yenyewe iko na makazi ya wazee wasiojiweza, sawa vile Nunge kule Kigamboni na Kolandoto kule Shinyanga. Zanzibar iko na nyumba za Sebleni na Welezo, na toka 2016 inalipa pansion kwa kila mzee aliyefika miaka 70, hata kama hakufanya kazi ya serikali. Mzee mwenye franga yake kidogo mkononi hasukumwi ovyo. Sisi bado hatujafika pale.

Kwa upande wa sheria, Katiba yetu ya 2006, mu kifungu cha 49, inasema mtu mwenye umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji ya mwili wake, ya akili na ya roho. Code de la famille ya 1987, ile ilitengenezwa upya mu 2016, inawapa watoto mzigo wa kuwatunza wazazi waliokosa, na kumpeleka mzazi mu nyumba ya wazee hakuutoi ule mzigo kichwani mwako. Vizuri sana. Lakini kifungu cha sheria hakipiki bukari, na usitegemee kwamba mtu wa Leta atapita kila mwezi kuhesabu mablangeti. Mwenye kupita ni wewe.

Karatasi, kisha miguu

Anza hata hivyo na karatasi, kwa sababu ni kazi ya dakika kumi. Kama nyumba ni ya parokia ao ya shirika la masista, uliza ku parokia yenyewe, wanaijua. Kama ni ya mtu binafsi ao ya asbl, omba kuona karatasi zake: sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inaongoza ma-asbl, na yenye kufanya kazi ya kijamii inapashwa kujulikana ku Affaires sociales. Mwenye nyumba akikasirika sababu umeomba karatasi, umekwisha kupata jibu. Lakini karatasi nzuri haimwoshi mzee. Niliona nyumba zenye muhuri tatu ukutani na maji hakuna.

Njia ya kweli ya kupima ni kwenda mara mbili. Mara ya kwanza unatangaza, unapokelewa, unakalishwa ku kiti, unaonyeshwa vyumba. Hiyo ni heshima, haina ubaya. Mara ya pili usitangaze. Chagua siku ya katikati ya juma, saa kumi na mbili ya jioni ao saa moja ya usiku, wakati wafanyakazi wa mchana wamekwisha kuenda na wageni hawako tena.

Nasema hivi kwa sababu ya mambo yaliyotupata sisi wenyewe. Tanti yangu alikaa miezi kadhaa mu nyumba moja ya mjini, sitaitaja. Sisi tulikuwa tunaenda siku ya Mungu kisha misa: mashuka meupe, wazee wamevaa vizuri, wanaimba. Tulirudi na furaha. Siku moja mjomba alipita pale siku ya pili ya juma, saa moja ya usiku, juu ya kuacha dawa tu. Akakuta geti imefungwa na kadena, sentineli ameenda kunywa na funguo iko mu mfuko wake. Alimwita tanti ku dirisha. Tanti akamwambia: "Tulikula saa nane. Kisha pale ni kulala." Wazee kumi na kitu, geti na kadena, umeme umekatika, na buji inawaka juu ya kikapo cha nguo. Hakuna mtu aliyekufa. Lakini toka siku ile mimi siangalii tena mashuka.

Usiku ndiyo kipimo

Kwa hiyo uliza kwanza: usiku nani analala hapa? Si nani "anasimamia", nani analala. Jina lake, na wazee wangapi wako mikononi mwake. Mtu mmoja kwa wazee watano wanaotembea, anaweza. Mtu mmoja kwa wazee ishirini, na saba hawawezi kujigeuza, hawezi hata akiwa malaika. Na funguo ziko wapi? Madirisha mengi ya kwetu yako na vyuma juu ya wezi. Vyuma vinazuia mwizi kuingia, vinazuia pia mzee kutoka moto ukiwaka. Kama mlango unafungwa na kadena, funguo inapashwa kubaki ndani, kwa mtu ambaye halewi.

Moto unatoka hasa ku buji na ku mbabula. Wakati wa baridi, mu mwezi wa sita na wa saba, kuko watu wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba ili wazee wapate joto, wanafunga madirisha. Yale makala yanatoa hewa isiyonuka ambayo inaua mtu mu usingizi. Ukiona mbabula ndani ya chumba cha kulala, hata imezimika, uliza iko pale kufanya nini. Nyumba nzuri inatoa blangeti mbili na soksi.

Choo nacho ni neno la usiku. Hesabu wewe mwenyewe hatua kutoka kitanda mpaka kabine. Pita pale na lapa za mpira, sawa vile mzee anavyopita. Sima ni ya utelezi? Kuko kitu cha kushika ukutani? Kuko mwangaza, hata wa lampe ndogo ya jua? Mzee akianguka na kuvunja nyonga, kwetu sisi mara nyingi hainuki tena ku kitanda. Kama choo kiko mbali, kila mzee anapashwa kuwa na ndoo ao sufuria yake ya usiku, na lazima kuko mtu wa kuimwaga asubuhi.

Ngozi, kilo, na harufu

Harufu ya mkojo kidogo asubuhi mapema si ajabu mu nyumba ya wazee. Harufu ile ile saa kumi ya jioni inasema kwamba hakuna aliyebadilisha nguo mchana wote. Kwa upande mwingine, nyumba inayonuka javeli peke yake, kali mpaka macho yanatoa machozi, mara nyingi imeoshwa juu yako wewe mgeni.

Mambo ya ngozi usione haya kuyaangalia, ao mwachie dada yako ayaangalie kama ni mama. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anapashwa kugeuzwa karibu kila saa mbili, usiku pia. Wasipomgeuza, ngozi inakufa mahali mfupa unagusa godoro: ku visigino, ku nyonga, chini ya mgongo. Ku ngozi yetu nyeusi doa la kwanza halionekani jekundu. Linakuwa jeusi zaidi ya pembeni, na ukigusa ni joto ao gumu. Ukiona kidonda kimefunguka pale, uliza kina siku ngapi na nani anakisafisha. Kidonda kimoja kinaweza kutokea hata penye watu wazuri. Wazee watatu wenye vidonda mu chumba kimoja, chukua mzazi wako, rudi naye.

Chakula watu wote wanauliza, lakini wanauliza vibaya. Wanauliza "Banakula nini?" na wanajibiwa bukari na sombe, siku zingine samaki. Uliza heri saa. Kutoka chakula cha mwisho cha jioni mpaka cha kwanza cha asubuhi, masaa mangapi? Uliza pia nani anamlisha yule ambaye mikono inatetemeka, na kama bukari inalainishwa kwa asiye na meno. Niliona sahani inawekwa mbele ya mzee kipofu na inaondolewa imejaa, na ku daftari wakaandika kwamba alikula. Maji ni vilevile: mzee hasikii kiu sawa kijana, anaweza kukauka bila kuomba. Kikombe kinapashwa kuwa karibu na mkono wake, si ku dirisha.

Dawa ya udanganyifu wote huo ni mizani. Siku ya kumwingiza, mpimeni kilo ku kituo cha afya na mwandike. Kila mwezi mpimeni tena. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 mu mwezi mmoja, kuko jambo: ni ugonjwa, ao ni njaa. Mizani haina jamaa na haiogopi mkubwa wa nyumba.

Kisha kuko dawa zenyewe. Mzee wa tansion ao wa sukari anapashwa kuwa na karatasi yake, jina la dawa na saa ya kumeza, na wewe uwe na kopi. Hesabu vidonge wakati unatembelea. Na kama mzazi aliyekuwa anaongea na kucheka sasa anasinzia mchana kutwa, mate yanatoka, uliza bila kuzunguka kama wanampa Valium ao kitu cha namna ile. Kumlaza mzee kwa dawa ili watu wa zamu wapumzike ni kumfunga kamba isiyoonekana.

Na usidanganywe na bei. Mu Januari 2022 mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu juu ya kampuni Orpea kule Ufaransa. Mu nyumba ya kifahari karibu na Paris, ambapo chumba kililipwa zaidi ya 6,000 euro kwa mwezi, alieleza kwamba kuche za wazee zilihesabiwa na chakula kilipimwa ili faida iongezeke. Mu 2023 nako, BBC ilitoa filamu ya siri kutoka nyumba moja ya wazee karibu na Nairobi, nyumba ya watu wa kanisa, na wazee walionekana wakipigwa. Pesa haikulinda wale, na jina la Mungu ku geti halikulinda hawa. OMS yenyewe inasema kwamba kati ya wafanyakazi watatu wa nyumba za namna hii, wawili walikubali kwamba mu mwaka mmoja waliwahi kutendea mzee vibaya. Wengi wao si watu wabaya. Ni watu waliochoka, wanaolipwa kidogo ao hawalipwi miezi mitatu. Kwa hiyo uliza pia, kwa adabu, kama wafanyakazi walipokea mshahara wa mwezi uliopita. Muulize yule anayeosha nguo, si mkubwa.

Neno la uchawi

Hili hatuwezi kuliruka. Wazee wengine hawakupelekwa mu nyumba ya wazee sababu ya magonjwa. Walifukuzwa. Mtoto alikufa ku kijiji, wakasema ni kambo, sababu macho yake ni mekundu. Macho yanakuwa mekundu juu ya miaka hamsini ya kupika na moshi, lakini nani anasikiliza? Kule Kilifi ku pwani ya Kenya ilibidi kufungua makimbilio kwa wazee wa namna hiyo, pale Kaya Godoma, na Usukumani mu Tanzania wamama wazee wengi waliuawa kwa sababu ile ile.

Kama mzazi wako ana historia hiyo, usiifiche. Mwambie mkubwa wa nyumba mbele ya kumwingiza, na sikiliza anajibu namna gani. Akisema "hapa tutamwombea mpaka atoke huo uchawi", toka pale. Kuko mahali wanafungisha wazee njaa na kuwaita hiyo maombi. Nyumba ya kweli itakuuliza kitu kingine: nani anaruhusiwa kumtembelea, na nani hapana. Na sikiliza vile wafanyakazi wanawaita wazee. Wakisema "tata", "mama", "kambo" na jina, ni dalili nzuri. Wakisema "ile ya kitanda ya tatu", umesikia mwenyewe.

Pesa na karatasi za mzee

Mzee mwenye pansion ya CNSS asiache mtu wa nyumba apokee kwa jina lake bila prokirasion iliyoandikwa, na jamaa iwe na kopi. Karte ya kuchagua, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, iandikwe ku daftari ya kuingia kama inabaki ku biro. Karatasi za lupango ya Mitwaba, hata siku moja zisiende na mzee. Mashauri mengi ya viwanja yanaanza pale.

Kati ya Mitwaba na Lubumbashi ni mamia ya kilometa, na mu mvua barabara inakatika. Kwa hiyo, kabla ya yote, tafuta mtu mmoja anayekaa karibu na ile nyumba: mtoto wa ndugu, mkristo wa parokia ya kwenu, hata mwanafunzi mnayemtumia franga ya transpò. Kazi yake ni kupita pale mara mbili kwa mwezi, siku zisizofanana, na kukupigia simu akiwa ameketi karibu na mzazi. Simu ya mkubwa wa nyumba peke yake haitoshi: atakuambia kila mara kwamba mzee yuko vizuri. Mzee mwenyewe naye anaweza kukuficha, anaogopa kukusumbua ao anaogopa yule anayeshika simu. Uliza vitu vidogo: leo umekula nini? nani amekuosha? yule rafiki yako wa kitanda cha pembeni yuko?

Ukikuta alama ya kipigo ao kidonda kilichoachwa, mpeleke mzee kwanza ku hospitali, na uombe karatasi ya munganga iliyoandikwa tarehe. Kisha enda ku Affaires sociales, ya territoire ao ya jimbo kule Lubumbashi, na kama kuko kipigo, ku polisi. Piga picha. Usianze na makelele ku geti, kwa sababu wazee wengine wanabaki ndani kisha wewe kuenda.

Na siku ya kumwingiza, wakati mkubwa wa nyumba anajaza daftari, mwambie aandike vitu vitatu ambavyo watu wanasahau: namba mbili za simu za jamaa zisizo za mtu mmoja, jina la kijiji, na pale mzee mwenyewe anapenda azikwe. Muulize mzee mbele yako, ajibu yeye. Wengi wanajua jibu toka zamani, wanangojea tu mtu awaulize.